Pumzi Moja, Kazi Mbili

Ukivuta kifyatulio cha bastola ya gesi ya easofti, ile ya mchezo yenye sura ya bastola halisi, nyundo yake huanguka na kusukuma kigonga kidogo cha chuma, nacho kigonga huipiga valvu iliyo nyuma ya magazini. Valvu hufunguka kwa muda mfupi mno, gesi ikapanda. Hapo ndipo ilipo hila yote. Gesi hiyo kwanza huenda mbele na kuisukuma gololi ya plastiki ya milimita 6 mpaka itoke mtutuni. Kisha, bila mtu kugusa chochote, hugeuza njia na kwenda nyuma, ikairudisha slaidi nzima, ikaitega nyundo upya na kuipa nafasi gololi inayofuata ipande. Pumzi moja, kazi mbili. Mgawaji wa pumzi hiyo ni kivalvu cha plastiki ambacho kikianguka sakafuni utakitafuta kwa magoti, kinachoelea ndani ya nozeli (mdomo wa kupitishia gesi) kikiwa kimeshikiliwa na springi laini isiyostahimili hata kuvutwa kidogo.

Mimi si mpenzi wa silaha. Lakini mashine inayokitegemea kitu kidogo kiasi hicho, halafu ikafanya kazi miaka kumi, lazima iwe na mtu nyuma yake anayestahili kutazamwa. Na mtu huyo si yule aliyeibuni peke yake. Ni yule anayeitunza.

Kwao bastola hizi ni Japani, na tabia zao zimetokana na sheria za huko. Tangu sheria ya silaha ya mwaka 1958, raia wa kawaida wa Japani karibu hana njia ya kumiliki bastola halisi. Walioipenda sura yake wakageukia modeli, na mwaka 1971 sheria ikazifuata hata hizo: modeli ya bastola ya chuma ikatakiwa izibwe mtutu na ipakwe rangi nyeupe au ya njano, ili mwizi asiitumie kumtishia mwenye duka. Plastiki ikachukua nafasi. Ndiyo maana hadi leo bastola za Tokyo Marui, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1965, hutoka kiwandani na slaidi ya plastiki ngumu ya ABS, ingawa ukiitazama kwa mbali utaapa kuwa ni chuma. (Kwa sababu hiyo hiyo huhifadhiwa ndani ya mkoba. Mtu akiichomoa hadharani, iwe Osaka au Mombasa, anayemwona hana namna ya kujua ni kitu cha mchezo.) Mwaka 2006 nguvu nayo ikawekewa kikomo: kwa gololi za milimita 6, isizidi juli 0.98 hivi. Kwa gololi ya gramu 0.2, hiyo ni mita 99 kwa sekunde. Risasi halisi ya milimita 9 hubeba kiasi cha juli 500.

Kikomo hicho, nadhani, ndicho kilichouzaa ufundi huu. Palipo na ruhusa ya kuongeza nguvu, kasoro hufichwa kwa nguvu: gesi ikivuja, unatia gesi kali zaidi. Mjapani hana mlango huo. Akitaka bastola yake iwe bora, hana budi kuhakikisha kila tone la gesi linakwenda linakotakiwa, na kwamba mlio wa kumi unafanana na wa kwanza. Wapo walioifikisha nidhamu hiyo mbali. Tatsuya Sakai alitwaa ubingwa wa dunia wa Steel Challenge, mashindano ya kupiga shabaha za chuma kwa kasi, nchini Marekani mwaka 2004 kwa bastola halisi, ilhali nyumbani Japani mazoezi yake aliyafanya kwa easofti. Huwezi kujifunza mwendo wa mkono kwa chombo kinachobadilika tabia kila siku.

Kabla ya lolote, fundi huvaa miwani ya kinga na kuchomoa magazini. Halafu hafanyi kosa la kudhani bastola ni tupu. Magazini ikitoka, gololi moja huweza kubaki imeshikwa na mpira wa chemba, ikisubiri. Huivuta slaidi nyuma, akachungulia, akaelekeza mtutu mahali salama na kuhakikisha. Anayeruka hatua hii hata baada ya miaka mingi ya uzoefu bado ni mwanafunzi.

Malalamiko mengi huanza hivi: "Gesi haikai." Magazini ya bastola hizi si kisanduku cha gololi tu. Upande mmoja una reli ya gololi na springi ya kuzipandisha, na mwili uliobaki ni tangi la zinki linalobeba gesi ikiwa kimiminika. Tangi hilo lina milango mitatu ya kuvujia. Upo mlango wa kujazia, chini. Upo muungano wa kitako na mwili, unaozibwa na gasketi nyembamba. Na ipo valvu ya kutolea, nyuma. Anayeanza husikia "sss" na kununua valvu mpya papo hapo, kwa kuwa valvu ndiyo yenye jina kubwa. Fundi hujaza karai maji. Mwenzake wa baiskeli aliyeketi chini ya mwembe na tyubu yake iliyotoboka angeielewa kazi hii bila kufafanuliwa: izamishe, tulia, tazama mapovu yanatokea wapi.

Mapovu nayo yana lugha. Povu moja moja linalochelewa, kutoka mlango wa kujazia, mara nyingi ni uchafu tu uliokaa kwenye mpira. Tone la mafuta ya silikoni, gesi ikaingizwa na kutolewa mara chache, na uvujaji hukoma. Mstari wa mapovu madogo kama yaliyopangwa kando ya kitako ni gasketi iliyochoka au iliyokaa vibaya. Mapovu ya nyuma ni valvu, ama oringi (pete ya mpira) inayoizunguka kwa nje, ama mpira ulio ndani yake; na hizo ni kasoro mbili tofauti zenye bei mbili tofauti, kwa hiyo fundi huigeuza magazini majini polepole mpaka aone kama povu linachomoza katikati ya valvu au ukingoni mwake. Nimeona watu wakikosa subira hapa. Povu la ukingoni hutambaa, hujitokeza mahali pasipo pake, na lazima ulifute kwa kidole na kungoja jingine. Kazi ikiisha, magazini hukaushwa sana, maana springi ya gololi ni ya chuma na haikuumbwa kwa ajili ya karai.

Kufungua ndiko kunakonivutia zaidi. Gesi yote hutolewa kwanza, mbali na uso na vidole, kwa sababu gesi ya kawaida ya Japani, HFC-134a, huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri na tone lake huunguza ngozi kwa baridi. Kisha pini husukumwa, kitako kikatoka, gasketi ikaonekana. Fundi haitupi mara moja. Huiweka kwenye mwanga na kuizungusha kati ya vidole, akitafuta ufa mdogo, au upande uliolala kwa kubanwa muda mrefu. Oringi iliyozeeka huonekana ni bapa upande mmoja, na hiyo bapa ndiyo njia ya gesi. Mpya hupakwa mafuta kidogo, ikashushwa bila kuvutwa, bila kukwaruzwa na kingo.

Halafu inakuja kazi ya kurudisha valvu, na hapa utamjua fundi kwa mkono wake. Valvu kwa kawaida ni ya shaba nyeupe au njano, na mwili wa magazini ni zinki laini. Uzi wa skrubu ukiingia upande mara moja tu, uzi wa zinki huliwa, na magazini hiyo imekwisha. Kwa hiyo mwenye ujuzi haanzi kwa kukaza. Anaiweka valvu mdomoni mwa tundu, anaizungusha kinyume, taratibu, mpaka vidole vihisi kale kamshtuko kadogo ambapo uzi umedondokea mahali pake. Hapo ndipo anageuza kukaza, na anakaza kwa vidole kabla ya spana. Anasimama oringi inapoanza kubanwa. Mwenye mabavu huongeza robo mzunguko "kwa usalama", na robo hiyo ndiyo inayoikata oringi.

Kuna hitilafu ambayo si hitilafu, na wengi wamebomoa bastola nzima kwa ajili yake. Huko Japani, bastola inapiga vizuri asubuhi ya Agosti, na Desemba inapiga chafya. Slaidi inarudi nusu, inakwama, gololi zinaanguka karibu. Hakuna kilichoharibika. HFC-134a ikiwa kwenye chombo kilichofungwa ina presha ya bar 7.7 hivi kwenye nyuzi 30, bar 5.7 kwenye nyuzi 20, na bar 2.9 tu kwenye sifuri. Na zaidi ya hali ya hewa, kila mlio hugeuza kimiminika kuwa mvuke, na mvuke huo huchukua joto kutoka kwenye zinki. Piga kwa haraka na magazini itakuwa baridi mkononi, ikaanza kutoa jasho, presha ikashuka, slaidi ikawa mvivu. Tiba yake ni kuacha. Iweke mfukoni, ishike kiganjani, tumia nyingine kwa sasa. Kuipasha kwenye jiko au kuiacha juu ya dashibodi ya gari juani ni wazimu. Mikebe yenyewe ya gesi huko Japani huonya isizidi nyuzi 40.

Kuna njia ya mkato, nayo ni kutumia ile inayoitwa gesi ya kijani, ambayo kwa sehemu kubwa ni propani iliyochanganywa na mafuta kidogo ya silikoni. Kwenye nyuzi 20 presha yake hukaribia bar 8.4. Bastola huamka mara moja. Lakini slaidi ya plastiki iliyopimwa kwa bar 5 au 6 hupigwa kama nyundo kila inaporudi, na baada ya muda nyufa hutokea, mara nyingi kwenye kona za dirisha la kutolea maganda, pale plastiki ilipo nyembamba. Kwa jicho la fundi, nyufa za mahali hapo ni ushahidi. Mteja anaweza kusema lolote kuhusu gesi aliyotumia.

Gesi yenyewe inaelekea kubadilika, na mabadiliko hayo yamepita karibu na kwetu. Oktoba 2016, mjini Kigali, nchi wanachama wa Itifaki ya Montreal, mkataba wa kulinda tabaka la ozoni, zilikubaliana kupunguza gesi za kundi la HFC, kwa kuwa uzito kwa uzito HFC-134a huipasha dunia joto zaidi ya mara elfu moja kuliko kaboni dayoksaidi. Mkutano ulizungumzia majokofu na viyoyozi, bila shaka, si gololi. Hata hivyo mkebe wa dukani Akihabara, Tokyo, ni gesi ileile ya jokofu. Siku hizi wengine hutumia HFC-152a, isiyoathiri hali ya hewa kiasi hicho lakini inayoweza kuwaka moto na yenye presha ndogo kidogo. Fundi anayejua kazi yake huuliza mkebe gani ulitumika kabla ya kugusa skrubu.

Turudi kwenye ile pumzi yenye kazi mbili, kwa sababu ndipo penye uchunguzi mtamu kuliko wote. Tuseme magazini haivuji, hali ya hewa ni nzuri, na bado kuna kasoro. Fundi hupiga mara chache na kutega masikio kwa sehemu mbili kwa wakati mmoja: gololi inakwenda vipi, na slaidi inarudi vipi. Gololi ikitoka kwa nguvu huku slaidi ikijikongoja, basi pumzi yote imekwenda mbele. Kile kivalvu kinachoelea hakifungi kwa wakati. Pengine kimekwama kwa uchafu, pengine mtu ameivuta springi yake, nayo inakishikilia wazi kupita kiasi. Mambo yakiwa kinyume, slaidi ikipiga teke la nguvu na gololi ikidondoka kama imechoka, basi kivalvu kinafunga mapema mno: springi imelegea au imekatika. Na pande zote mbili zikiwa dhaifu, usimlaumu mgawaji. Gesi inapotea njiani kabla ya kufika kwake, pengine kwenye mdomo wa mpira ulio juu ya magazini, unaokutana na nozeli, au kwenye kikombe cha pistoni kilichokauka na kushindwa kugusa kuta za silinda.

Napenda utaratibu huu kwa sababu haujafungua kitu bado. Fundi amekaa, bastola iko nzima mkononi mwake, na tayari anajua atakuta nini ndani. Kufungua kunabaki kuwa kuthibitisha tu. Ikitokea magazini nzima inamwaga gesi kwa mlio mmoja, hilo nalo linamweleza: valvu imebaki wazi kwa sababu kigonga hakikurudi nyuma. Hatatafuta uvujaji, ataangalia springi ya kigonga.

Mpira wa hopapu una tabia yake, na unastahili sentensi chache za hasira. Ni kamrija ka mpira kenye kinundu kwa juu, kanakoishika gololi inapotoka na kuizungusha kinyume ili ielee angani badala ya kuanguka mapema. Mpira huo hutaka ukavu. Mafuta yakiufikia, kinundu huteleza, gololi moja ikapaa juu na ya pili ikachimba ardhi. Halafu mwenyewe analeta bastola akisema ameitunza vizuri: ameinyunyizia mafuta ndani ya mtutu kila wiki! Mtutu husafishwa kwa kitambaa kikavu kilichozungushiwa kwenye kijiti, mpaka kitoke cheupe. Grisi ya silikoni huwekwa kwenye reli za slaidi, kiasi cha kung'aa tu. Mafuta ya kupuliza ya bawaba za milango hayana kazi hapa. Baadhi ya mipira huvimba yakiigusa, na mpira uliovimba haurudi ulivyokuwa.

Katika vifaa, jambo moja huwatenga mafundi wa Japani na wengine. Skrubu zao za msalaba hufuata kipimo cha JIS (viwango vya viwanda vya Japani), na msalaba wake haulingani sawasawa na wa Phillips uliojaa duniani. Bisibisi ya Phillips huingia, inaonekana imekaa, halafu ukikaza inaruka na kula kichwa. Watu wamezilaumu skrubu za pikipiki za Kijapani kuwa ni laini kwa miaka na miaka, kumbe bisibisi ndiyo isiyokuwa yake. Kwenye skrubu ndogo ya nozeli, kuruka mara moja kunatosha kukuharibia jioni.

Vipande hulazwa juu ya kitambaa chepesi kwa mpangilio wa kutoka kwake, kushoto kwenda kulia, ili kurudisha kuwe ni kusoma mstari kinyume. Kijitabu kinachokuja na bastola kina mchoro wa vipande vyote vikiwa vimetawanywa angani, kila kimoja na namba yake, na kwa namba hiyo unaweza kuagiza springi moja tu. Huo ni ustaarabu ambao natamani watengenezaji wa simu wangeuiga.

Sina subira na wanaokimbilia kubadilisha. Bastola haijafika mwezi, mwenyewe ameshanunua mtutu wa ndani wenye tundu jembamba zaidi, springi ngumu, slaidi ya alumini, halafu anashangaa haielekei. Kila kipande kipya kinavuruga mgao wa ile pumzi. Slaidi nzito inadai gesi zaidi, springi ngumu inaizuia kurudi, na kile kivalvu kilichopimwa kiwandani kwa uzito mwingine hakijui kilipo. Mafundi ninaowaheshimu hutengeneza kwanza hadi bastola iwe kama ilivyotoka kiwandani, wakaitumia hivyo, na ndipo wakaamua kama kuna haja ya kuongeza kitu. Mara nyingi haja huwa imekwisha.

Kuhifadhi ni jambo fupi: nyundo isibaki imetegwa, gololi zitolewe zote ili springi ya magazini ipumzike, na gesi kidogo sana ibaki ndani. Wengi hupendelea oringi ibaki imesukumwa mahali pake na gesi hiyo.

Jaribio la mwisho hufanywa kwa kifaa cha kupimia mwendo, kidude kinachofungwa mbele ya mtutu na kusoma kila gololi inavyopita. Wasiojua hutazama namba kubwa kuliko zote. Fundi hutazama namba zinavyofuatana. Zikishuka kidogo kidogo kwa mpangilio, hiyo ni baridi ya magazini, na akingoja zitapanda tena. Zikirukaruka, 70 halafu 61 halafu 73, gesi inapita mahali pasipoeleweka, ama mpira wa hopapu haujakaa sawa kwenye mtutu. Basi hutoa gesi yote, huvua miwani kuifuta ukungu, huivaa tena, na kuanza kufungua.